Kuurudisha Mto Peneo

Mwezi wa kitani kuchanua, siku ya pili

Baba alinifundisha herufi ili nikae naye wakati wa kuwapimia Wafoinike kitani, wasimpunje. Baba hayupo tena, Wafoinike bado wapo, na mimi Nikareti, mjane, nina shamba kando ya Peneo, binti mmoja wa kuozwa baada ya mavuno, na mgongo usionisamehe. Naandika kwa sababu mwaka huu kitani kimenifika kifuani na maua yake yamelifanya bonde lote kuwa la buluu. Jambo kama hilo lastahili shahidi.

Siku ya sita

Upepo umetoka juu, upande wa mabanda ya mfalme. Tumekula tukiwa tumeziba pua. Mfalme wetu ana ng'ombe wengi kuliko watu, na samadi haijazolewa tangu kabla binti yangu Filinna hajazaliwa. Wachungaji wake wakipita sokoni watu huwapisha, wala si kwa heshima.

Siku ya kumi na moja

Manyunyu. Mazuri.

Mwezi wa kung'oa, siku ya kwanza

Tumeanza kung'oa. Wifi yangu Klete amekuja alfajiri na jibini na tini za mwaka jana, akafanya kazi ya watu wawili huku akiwasema watu watatu. Filinna anamcheka mpaka anaangusha mafungu. Klete hakujaliwa mtoto, kwa hiyo huyu wangu tunamgawana.

Siku ya saba

Ndugu yangu Damoni, mume wa Klete, amepata mgeni. Amekwenda mlango kwa mlango kuwatangazia watu. Ni yule mtu wa ngozi ya simba, ambaye wanasema baba yake ni Zeu mwenyewe, mkuu wa miungu. Jina lake sina haja ya kuliandika. Damoni analitaja vya kutosha.

Nilikwenda kumsaidia Klete jikoni. Mgeni alimaliza mwana-kondoo, akamaliza mkate, akaulizia zeituni. Si mtu mbaya wa sura. Ana macho ya mtu asiyelala vizuri. Alimshukuru Klete kila alipowekewa sahani.

Klete alininong'oneza, "Wifi, kama kesho hajaondoka, itabidi tumchinje Damoni."

Akiwa bado anakula zeituni, mgeni alisema amekuja kuyasafisha mabanda ya mfalme, na atayasafisha kwa siku moja. Damoni alipiga goti lake kwa kofi kama vile yeye ndiye aliyeahidi.

Nikauliza, "Samadi ya miaka yote hiyo utaipeleka wapi?"

"Mto utaichukua," akasema.

"Utaipeleka wapi?"

Damoni akanikata. "Dada, mgeni anakula."

Mgeni alinitazama kidogo, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo halikumpitia akilini, kisha mtu akamjazia divai na maneno yakaenda kwingine.

Siku ya nane

Mafungu ya kwanza tumeyatia kwenye mabwawa ya kulowekea, pale bondeni chini ya shamba. Yakilala vizuri humo, nyuzi zitatoka laini kama nywele za mtoto. Damoni hakuja. Yuko juu, kwenye Goti la mto, pale Peneo unapopinda. Kumbe mgeni anachimba huko, na kaka yangu anamshikia maji ya kunywa.

Siku ya tisa

Leo sijui nianzie wapi. Nitaanza na kamba.

Tulikuwa watatu bwawani, Klete, Filinna na mimi, tukipanga mawe juu ya mafungu yasielee. Kamba zikatuishia. Klete akasema, "Nenda wewe wifi, ukapumzishe huo mgongo wako wa kifalme." Nikapanda nyumbani, ambako ni juu kidogo, kwenye mawe. Nilikuwa nimeshazichukua kamba na niko mlangoni.

Nilisikia kwanza ndege. Wote waliruka kwa pamoja. Halafu ikaja harufu, kabla ya sauti, harufu ile ya mabanda, lakini kali kiasi cha kunitoa machozi. Halafu nikaiona. Haikuwa rangi ya maji. Ilikuwa nyeusi na nene, inabeba milango, nguzo, ndama waliokufa, na ilikuja ikipita juu ya shamba letu kama mtu anayekunja mkeka. Kitani kilichosimama kililala chini na hakikuinuka.

Niliita. Sijui niliita nani. Klete alikuwa ameshaona. Nilimwona akimshika Filinna kiunoni na kumsukuma juu ya ule mti wa mpea mwitu ulio ukingoni, akimsukuma kwa bega, kwa kichwa. Filinna akashika tawi. Klete akageuka kutafuta tawi lake. Hapakuwa na la pili.

Nilimtoa Filinna kwa zile zile kamba. Mikono yake ilikataa kuachia tawi, ikabidi nimfumbue kidole kimoja kimoja.

Tulikuwa bado tumekaa matopeni, watu wamekusanyika, wengine wameingia kwenye maji wakiita jina la Klete, ndipo Damoni akaja akikimbia kutoka juu. Uso wake unang'aa. Samadi imemfika magotini.

"Mmeona?" akasema. "Siku moja tu. Ametoboa ukuta wa huku na ukuta wa kule, mto ukaingia na kutoka. Mabanda ni meupe kama sahani. Mmeona?"

Akatutazama mmoja mmoja. Nilimwona anahesabu nyuso.

Siku ya kumi na moja

Tumempata Klete kwenye matete, kule mto mpya unakorudi kwenye mto wa zamani. Tumemwosha mara nyingi. Harufu haikutoka. Nimemfunga kwa kitani cha arusi ya Filinna.

Siku ya kumi na tatu

Mazishi yamekwisha. Nilidhani kaka yangu atasema neno moja tu la kweli. Alisimama mbele ya watu akasema, "Mke wangu amekufa katika kazi ya mwana wa Zeu. Ni wanawake wangapi wamepewa heshima hiyo?"

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema, ili kesho nisije nikajidanganya kwamba nilisikia vibaya. Heshima. Amekufa na mavi mdomoni, naye anataka tumwonee wivu.

Siku ya ishirini

Wimbo umeshafika sokoni. Mto ulimtii, unasema, mto ulipiga magoti. Watoto wanauimba. Nimemkamata wa jirani sikio, kisha nikamwachia. Kosa si lake.

Aliye juu mngoje chini, husema watu. Sisi tulio chini tulingoja, tukaletewa samadi.

Siku ya ishirini na mbili

Nimekwenda kwa msimamizi wa mfalme, Teleklo, pamoja na wanawake wa mabondeni. Tulimweleza: Peneo haujarudi njia yake. Unapita katikati ya mabanda, unakuja juu ya mashamba yetu. Njia yake ya zamani imekauka, visima vyake vimekauka. Sasa ni kiangazi na maji ni machache. Mvua za vuli zikikuta Goti liko wazi, mto utakuwa mkubwa na utapita juu ya nyumba, si mashamba tena.

Teleklo ana vidole safi sana. Alisema, "Mama, mfalme hakuugeuza mto. Mkamlaumu aliyeugeuza."

"Alitumwa na nani?"

"Hilo ndilo linalobishaniwa. Mfalme anasema kazi imefanywa na mto, si na mtu, kwa hiyo hana wa kumlipa."

"Basi kama mto ndio uliofanya kazi, tuushitaki mto?"

Akatabasamu. Watu wa namna ile hutabasamu pale ambapo mtu mwingine angetukana, na ni heri tukano.

Mwezi wa joto kali, siku ya tatu

Joto. Nzi. Watoto wawili wa jirani wanaharisha. Tunachota maji mbali.

Siku ya tano

Nzi.

Siku ya nane

Amepita tena kijijini, yule mgeni. Amekosana na mfalme, hakupewa alichoahidiwa, sasa anaelekea Arkadia, kwenye ziwa lenye ndege wanaokula watu. Kazi nyingine. Wanamtuma kama punda wa kukodi, na kwa mara ya kwanza niliona hilo.

Lakini nilisimama njiani. Nilikuwa nimekusanya maneno mengi, yote yakaniruka. Nikasema, "Ulituletea mto. Njoo uuondoe."

Alisimama. Hakukasirika. Alitazama bonde, mpaka chini kabisa, na nina hakika ilikuwa mara yake ya kwanza kulitazama.

"Niliangalia mabanda," akasema. "Huku chini sikuangalia."

"Sasa umeona."

"Nimeona, mama. Ningekuwa na nafasi ningelifunga Goti kwa mikono hii. Ila ninangojwa. Mimi si mtu wa kujiamulia."

"Kulibomoa ulikuwa na nafasi."

Alikunja uso kama aliyechomwa na mwiba. Nilitaka aseme kitu ambacho ningeweza kukichukia. Akatoa kwenye mkoba wake mguu wa nyama ya chumvi akaniwekea miguuni, akasema, "Kwa watoto." Akaondoka. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilitamani kuitupa. Watoto walikuwa wanaitazama. Nikawakatia.

Damoni alimfuata amembebea rungu mpaka kivukoni. Nilijisemea, huyu ndugu yangu nimempoteza, afadhali angechukuliwa yeye. Naam, nililiwaza hilo.

Jua likielekea kuzama akarudi, akakaa kizingitini kwangu. Hakuwa amekaa hapo tangu mazishi.

"Nilimwambia," akasema. "Nilimwambia mke wangu alikufa siku ile. Njia nzima nilikuwa natafuta namna ya kumwambia, asije akaona namlaumu."

"Akasemaje?"

"Alisema amesikitika. Na kweli alisikitika, dada, macho yake yalionyesha. Kisha akauliza kivuko kina kina gani." Alikuwa anasugua kiganja chake, pale rungu lilipomwachia alama. "Hakuniuliza alikuwa anaitwa nani. Na alikula chakula cha mkono wake siku mbili."

Filinna alimletea maji. Akanywa, akasema, "Maji yakimwagika hayazoleki."

"Haya tutayazoa," nikamwambia.

Siku ya tisa

Damoni amechukua jembe, akaenda kwenye Goti peke yake. Hakuniambia. Nilimwona kutoka juu ya paa.

Siku ya kumi

Tumemfuata. Kazi ni hivi: tunasuka matenga ya fito za mierebi, tunayajaza mawe na udongo mzito, tunayatumbukiza kwenye pengo, moja juu ya jingine, kutoka pande zote mbili. Wimbo unasema pengo lilichimbwa kabla ya adhuhuri. Sisi mpaka jioni tumejaza mahali pa kulala mbuzi.

Siku ya kumi na nne

Wachungaji wa mfalme wamekuja. Kundi zima, na harufu yao. Mkubwa wao anaitwa Koraksi, mrefu, mweusi kwa jua, jino moja limekatika.

Nikamwambia, "Mmekuja kucheka? Mavi yenu ndiyo yaliyotuzika."

"Ni ya ng'ombe, mama," akasema. "Yetu tulikwenda nayo msituni."

Mtu akacheka nyuma yangu. Mimi sikucheka.

Akaendelea, pole pole, "Mto unapita zizini. Ng'ombe wanalala milimani, mbwa mwitu wanakula ndama, na kila ndama anayeliwa tunachapwa sisi. Nyinyi mnataka mto utoke mashambani, sisi tunataka utoke mabandani. Ni mto ule ule."

"Na kwa nini hamkuzoa samadi miaka yote hiyo? Tungewapa mikokoteni. Mashamba haya yangeila yote, kidogo kidogo, yakashukuru."

"Tuliomba mikokoteni. Mfalme alisema mikokoteni ni ya vita." Alitema mate pembeni. "Vita vyenyewe hatujaviona."

Nilimpa tenga.

Siku ya ishirini na sita

Pengo linapungua. Koraksi na watu wake hubeba mawe wakiimba matusi ya ng'ombe kwa majina. Nimejifunza mengi ambayo mjane hapaswi kuyajua.

Filinna bado hakaribii maji. Anasuka matenga pale juu, na mgongo ameuelekeza mtoni.

Mwezi wa zabibu, siku ya tano

Wameleta jiwe. Maksai sita, watu wa Teleklo, na Teleklo mwenyewe juu ya farasi. Jiwe jeupe, refu kupita mtu, pana kama mlango. Wamelisimamisha ukingoni hapo hapo kwenye Goti, hatua chache kutoka tunapofanyia kazi, na kwa muda wote huo hakuna aliyeuliza tunafanya nini. Waliomba tuwapishe njia.

Walipoondoka watu waliniita niwasomee. Nikasoma: MFALME ALIUTUMA MTO, NA MTO UKATII.

"Soma tena," Damoni akasema.

Nikasoma tena.

"Klete hayumo?"

"Hayumo."

"Na yule mgeni?"

"Naye hayumo."

Akakaa chini juu ya tenga. Nami, bila kupenda, kwa muda wa pumzi moja nilimhurumia yule mtu wa ngozi ya simba. Kisha nikatazama shamba langu, huruma ikaniisha. Yeye angalau ana wimbo.

Siku ya kumi na saba

Zabibu kidogo, za mlimani tu. Mawingu upande wa bahari.

Siku ya kumi na nane

Mawingu yamesogea.

Siku ya ishirini

Mvua imekuja mapema.

Ilianza asubuhi tukiwa tumebakiza upana wa mlango mmoja. Kufikia saa ya kula maji yalikuwa yamepanda, ya rangi ya udongo, na kila tenga tulilotumbukiza kwenye ule mlango lilizungushwa na kuchukuliwa kama kikapu cha mayai. Mawe yetu yalikuwa madogo mno. Matuta ya pande zote mbili yakaanza kutetemeka. Unayasikia kwa nyayo. Yakienda yale, kazi yote imekwenda, na nyumba zilizo chini zimekwenda nayo.

Koraksi alisema, "Tunahitaji kitu kisichobebeka."

Sote tukageuka. Hakuna aliyelitaja. Kuligusa jiwe la mfalme ni kifo. Kila mtu pale alijua, hata mbwa wa Koraksi. Niliwaona wanaume wakitazama miguu yao.

Damoni akaweka chini tenga lake. Akalizunguka jiwe, akasimama nyuma ya maandishi, akaweka bega. Ndugu yangu si mtu mkubwa. Miguu yake iliteleza matopeni, ikarudi, ikateleza. Jiwe halikutikisika hata kidogo. Alikuwa anasema kitu, na kwa ajili ya mvua sikukisikia mpaka nilipofika karibu. Alikuwa anasema jina la mkewe, bila kulia, kama mtu anayeita kutoka chumba kingine.

Niliweka bega langu karibu na lake. Filinna akashuka. Ameshuka mwenyewe, mpaka ukingoni, maji yakimpiga vifundoni, akaweka mikono yake chini ya mikono yangu. Halafu ikaja harufu ya ng'ombe, na Koraksi na wote waliokuwa naye, na wanawake wa mabondeni, na nguzo za kubinulia.

Jiwe lilitoa sauti kama jino linalong'oka. Likaegemea. Likaanguka ndani ya pengo, uso chini, na lilikaa. Maji yalilipanda, yakalizunguka, yakatafuta njia. Tulirusha matenga, tulirusha udongo, magogo, mlango wa nyumba yangu, hadi mikono haikunyanyuka tena. Kisha mtu akapaza sauti akionyesha upande wa pili.

Kwenye njia ya zamani, iliyokuwa kavu tangu siku ile, ulimi wa maji ulikuwa unateremka kati ya mawe meupe. Mwembamba mwanzoni. Unasukuma majani makavu mbele yake.

Siku ya ishirini na moja

Tumelala mchana kutwa.

Siku ya ishirini na tano

Peneo unapita njia yake. Kisima cha kwanza kimepata maji, bado ni ya matope. Mashamba ni meusi, mazito, hayajakauka. Sijui kama yatazaa ajabu au yatakufa, wazee wanabishana. Arusi ya Filinna tumeisogeza mpaka kitani kingine, na mchumba wake amekubali, kwa kuwa alibeba mawe pamoja nasi na sasa ananiogopa kidogo.

Leo, tukiwa tunaimarisha tuta, Teleklo amekuja na wapanda farasi wanne. Alikwenda moja kwa moja mahali jiwe lilipokuwa limesimama, akasimama, akatazama shimo ardhini.

"Liko wapi jiwe la mfalme?"

Tulikuwa wengi pale. Wachungaji waliacha kuimba. Koraksi alikuwa ameegemea fimbo yake. Nilijua jibu lolote laweza kumtoa mtu roho, nikafungua mdomo, kwa maana mimi ndiye mzee pale. Ndugu yangu akanitangulia. Hakuweka chini hata tenga lake.

"Linafanya kazi," akasema.

"Kazi gani?"

"Kazi ya mfalme. Linazuia mto usiingie mabandani mwake." Akaonyesha kwa kidevu. "Liko pale chini. Ukilitaka, lichukue."

Teleklo alitazama tuta. Akatazama maji yaliyokuwa yanalisukuma, yaliyoongezeka tangu jana, kisha mabanda ya bwana wake juu na nyumba zetu chini. Akatutazama na sisi, wakulima na wachungaji, tumechanganyika kiasi kwamba harufu yetu ilikuwa moja. Vidole vyake safi vilicheza na hatamu.

Aligeuza farasi. Wapanda farasi wake wakamfuata.

Huenda watarudi. Tulirudi kwenye matenga. Upande wa kushoto wa tuta ulikuwa bado unavuja.